Dola taslimu, dirham au kadi: njia ipi ya kubeba pesa ya safari ina makato madogo?

Anayejiandaa kusafiri kutoka Dar es Salaam huanza kwa kuuliza dola leo ni shilingi ngapi. Swali ni la msingi, ila peke yake halimwambii safari itamgharimu kiasi gani. Yapo mengine mawili. La kwanza ni jinsi sarafu ya kule anakokwenda inavyosimama mbele ya dola, maana chakula cha Nairobi na nauli ya tramu ya Istanbul havilipwi kwa dola. La pili ni mara ngapi pesa yake itabadilishwa njiani, na kila mara nani anakata nini.

Hapa tunaweka pamoja njia nne za kubeba pesa: dola taslimu, sarafu ya kule unakokwenda iliyonunuliwa nyumbani, kadi ya akaunti ya shilingi, na kadi ya akaunti ya dola. Tunazipima kwa miji minne inayopokea Watanzania wengi: Nairobi, Dubai, Istanbul na Guangzhou. Njia inayofaa mji mmoja inaweza kukupa hasara katika mji mwingine, na sababu yake inaeleweka ukikaa na kikokotoo kwa dakika tano.

Nairobi: dola ilitulia, safari ikapanda

Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Soko lilikuwa na hofu kwamba Kenya ingekwama kulipa hatifungani (hati ya mkopo wa serikali) ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni mwaka huo. Februari serikali ikauza hatifungani mpya na kuinunua sehemu kubwa ya ile ya zamani. Hofu ikaondoka, na ndani ya wiki chache dola ikashuka hadi karibu shilingi 130.

Upande wa Tanzania, kati ya Januari na Juni 2024, dola ilitoka takriban shilingi 2,510 hadi 2,620. Ni ongezeko la asilimia 4 hivi, na aliyeangalia dola peke yake aliona hakuna kikubwa kilichotokea. Sasa gawa. Januari: 2,510 kwa 160, shilingi moja ya Kenya ni shilingi 15.7 za Tanzania. Juni: 2,620 kwa 129, shilingi ile ile ni 20.3. Chumba cha shilingi 8,000 za Kenya kilichokuwa sawa na shilingi 125,600 kikawa 162,400, na mwenye hoteli hajapandisha hata senti. Nairobi nzima ilipanda kwa msafiri wa Tanzania kwa karibu asilimia 30 katika miezi mitano.

Kwa hiyo kabla ya safari yoyote fanya hesabu hiyo: bei ya dola kwa shilingi zako, gawanya kwa bei ya dola kwa sarafu ya kule. Linganisha jibu na la miezi mitatu iliyopita. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza bei za sarafu kuu kila siku ya kazi, na za jirani zimo.

Kwa Nairobi hasa, usipitie kwenye dola. Maduka ya fedha ya Arusha, Namanga, Holili na Horohoro hushika shilingi za Kenya kila siku, hivyo tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza huwa ndogo. Ukinunua dola Dar ukaziuza Nairobi, umewalipa faida watu wawili mahali palipohitaji mmoja. Ukifika na shilingi za Tanzania katikati ya Nairobi, duka litazinunua kwa bei mbaya kwa sababu wateja wa kuzichukua ni wachache. Wabadilishaji wanaotembea mpakani wanaweza kutoa bei nzuri zaidi ya duka, lakini wapo wenye mikono myepesi: anahesabu noti mbele yako, anazichukua tena "kuhakikisha", anakunja, na kilichorudi kina pengo katikati. Hesabu wewe mara ya mwisho, na baada ya hapo zisirudi mkononi mwake. Mwenye mwenyeji Kenya anaweza pia kutuma kwa M-Pesa kutoka Vodacom kwenda Safaricom, huduma iliyopo tangu 2015. Linganisha kiasi atakachopokea kwa shilingi za Kenya na kile ambacho duka lingekupa, makato yakiwemo.

Sarafu zilizofungwa kwenye dola

Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997. Riali ya Saudia ni 3.75 kwa dola tangu 1986. Riali ya Oman ni takriban dola 2.60 kwa riali moja, nayo tangu 1986. Ya Qatar ni 3.64. Anayekwenda Dubai kununua bidhaa, Muscat kwa ndugu, au Makka kwa umra ana hatari moja tu ya kuangalia: shilingi yake mbele ya dola. Akishanunua dola, bei ya safari imeshafungwa. Kusubiri dirham "ishuke" ni kupoteza muda, kwa sababu haishuki wala haipandi mbele ya dola.

Hili ndilo linaloifanya dola taslimu kuwa na nguvu sana katika nchi za Ghuba. Noti unayoshika Kariakoo ina thamani inayojulikana Deira, Dubai, na maduka ya fedha ya kule hushindana kwa senti.

Hesabu ya Dubai, njia zote kando kwa kando

Tuseme unahitaji dirham 3,000 kwa siku chache za hoteli, chakula na usafiri. Bei za hapa ni za mfano, ziko karibu na hali halisi. Weka za siku yako. Bei ya katikati ya soko: dola 1 kwa shilingi 2,500. Duka la fedha Dar linauza dola kwa 2,525. Benki inauza kwa 2,540. Dirham dukani Dar inauzwa 705. Kwa bei ya soko tupu, dirham 3,000 ni kama dola 817, sawa na shilingi 2,042,200. Kila kinachozidi hapo ni gharama ya kubadilisha.

| Njia | Hesabu | Jumla (shilingi) | Juu ya soko |
|---|---|---|---|
| Dola taslimu, kubadilisha mjini Dubai kwa 3.65 | 822 × 2,525 | 2,075,550 | 1.6% |
| Kadi ya dola, makato 2% | 833.34 × 2,525 | 2,104,184 | 3.0% |
| Dirham zilizonunuliwa Dar | 3,000 × 705 | 2,115,000 | 3.6% |
| Kadi ya shilingi, makato 3% | 817 × 2,540 × 1.03 | 2,137,435 | 4.7% |
| Dola taslimu, kubadilisha uwanja wa ndege kwa 3.50 | 858 × 2,525 | 2,166,450 | 6.1% |
| Kadi ya shilingi, mashine ikibadilisha yenyewe kwa 6% | 2,042,200 × 1.06 × 1.03 | 2,229,674 | 9.2% |

Dola taslimu iko juu kabisa na pia karibu na mkia. Noti ni zile zile. Kilichotofautisha ni dirisha ulilosimama. Kati ya uwanja wa ndege na duka la mjini kuna shilingi 90,900 kwa kiasi hiki kidogo. Ukitua, badilisha dola 20 au 50 tu za kukufikisha hotelini, au panda teksi inayopokea kadi, kisha kesho yake nenda mjini. Uliza hivi: "Nikikupa dola 500, nitapokea dirham ngapi mkononi?" Ubao unaweza kuonyesha bei nzuri na makato yakajitokeza kwenye risiti. Jibu la swali hilo lina kila kitu ndani yake.

Dirham za Dar ni ghali kwa sababu duka hukaa nazo siku nyingi bila kuziuza, na hatari hiyo huiweka kwenye bei. Linaweza kuuza kwa 705 na kununua kwa 660. Maana yake ukirudi na dirham 500 zilizobaki, umeshapoteza shilingi 22,500 kwa kuzitembeza tu. Nunua dirham 200 au 300 nyumbani kama unafika usiku na mtoto au mgonjwa, na uone gharama yake kama bei ya utulivu. Zaidi ya hapo haifai.

Kadi ya dola inaonekana ya pili, lakini kwa anayelipwa mshahara au mauzo kwa dola inaweza kuwa ya kwanza, maana hanunui dola kwa 2,525: anazo tayari. Kwa asiye na kipato cha dola, faida yake ni kwamba alinunua dola siku aliyotaka yeye, badala ya siku mashine ilipomkata.

Kadi ya shilingi ina matabaka. Mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, hubadilisha dirham, mara nyingi kupitia dola, kwa bei iliyo karibu sana na soko. Kisha benki yako inaweka bei yake ya kuuza dola. Halafu inaongeza makato ya muamala wa nje, ambayo kwa benki nyingi ni kati ya asilimia 2 na 4. Piga simu benki kabla ya safari na uulize mambo matatu kwa majina yake: bei gani ya dola mnatumia kwenye miamala ya kadi, asilimia ngapi mnaongeza, na kutoa pesa ATM ya nje ni kiasi gani kila mara. Uliza pia kama kadi imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Benki nyingi huifunga kwa usalama, na utagundua ukiwa kaunta ya hoteli.

Kuhusu ATM: makato ya kila mara ndiyo yanayoumiza. Ukikatwa dola 5 kwa kutoa dirham 300, umelipa asilimia 6 hapo hapo. Ukikatwa dola 5 hizo kwa kutoa dirham 2,000, ni chini ya asilimia 1. Toa mara moja au mbili, kiasi kikubwa, mchana, ndani ya benki.

Mashine inapokuuliza shilingi au dirham

Mstari wa mwisho wa jedwali unastahili maelezo, kwa sababu wengi huangukia hapo kwa kudhani wamesaidiwa. Unalipa dukani, mhudumu anaingiza dirham 1,200, na skrini inakuonyesha mistari miwili: mmoja una dirham 1,200.00, mwingine una kiasi kwa shilingi za Tanzania, laki nane na kitu. Macho yanakimbilia shilingi kwa kuwa ndiyo unayoielewa. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayebadilisha, kwa bei yake, na asilimia 5 au zaidi huingia mfukoni mwake na mwa benki yake. Benki yako huko nyumbani inaweza bado kukata makato ya muamala wa nje, kwa sababu muamala umefanyika nje hata kama umeandikwa kwa shilingi.

Chagua dirham kila mara. Istanbul chagua lira, London pauni, Johannesburg randi. Mhudumu mwingine hubonyeza mwenyewe bila kukuuliza, hivyo soma karatasi kabla hujatia sahihi au kabla hujaondoka kaunta. Ukiona TZS, mwombe afute muamala aanze upya. Akiwa hapo hapo ni kazi ya dakika moja, kesho yake haiwezekani tena kirahisi. ATM nazo huuliza kwa namna ya kutisha kidogo: kama unakubali bei yao ya kubadilisha au unakataa. Ukikataa, pesa inatoka vilevile. Kukataa hakufuti muamala.

Ujanja huo huo upo unaponunua tiketi au hoteli mtandaoni. Tovuti ikikuonyesha bei kwa shilingi na unajua hoteli inauza kwa dirham, badilisha sarafu ya ukurasa hadi ya hoteli, halafu linganisha.

Istanbul: lira dhaifu si lazima iwe safari rahisi

Mwanzoni mwa 2021 dola ilikuwa karibu lira 7.4. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa karibu 35. Msafiri anayesikia hivyo hudhani Istanbul imekuwa ya bei ya kutupa. Lakini mfumuko wa bei Uturuki ulikuwa asilimia 36 mwaka 2021, 64 mwaka 2022, karibu 65 mwaka 2023 na 44 mwaka 2024. Zidisha yote, bei za ndani zimepanda zaidi ya mara tano. Mlo wa lira 50 mwanzoni mwa 2021 ulikuwa dola 6.75. Ukipanda sawa na bei nyingine, mwishoni mwa 2024 ni lira 266, yaani dola 7.6. Lira imeanguka kwa zaidi ya robo tatu, na mlo umepanda kwa dola.

Kuna vitu ambavyo kuanguka kwa lira hakuvigusi kabisa. Hoteli nyingi za wageni hupanga bei kwa euro. Kiingilio cha Hagia Sophia kwa wageni ni euro 25 tangu Januari 2024. Na kwa wafanyabiashara wetu: maduka ya jumla ya nguo ya Laleli hutaja bei kwa dola, kwa kuwa wateja wake ni wa nje na kitambaa na uzi hununuliwa kwa dola. Anayekwenda Laleli apige bajeti ya mzigo kwa dola kana kwamba lira haipo, na abadilishe lira za kula, kulala na usafiri tu.

Kwa hiyo Istanbul inageuza baadhi ya mashauri ya Dubai. Usinunue lira nyumbani hata moja. Usibadilishe dola zote siku ya kwanza. Badilisha za siku mbili tatu, kwa sababu lira ikianguka katikati ya safari, dola zilizobaki zinanunua zaidi. Misri ilitoa mfano mkali wa hili: tarehe 6 Machi 2024 pauni yake ilitoka karibu 31 hadi karibu 50 kwa dola ndani ya siku moja. Aliyebadilisha zote jana yake alipoteza zaidi ya theluthi ya thamani kabla ya chai ya asubuhi. Maduka ya fedha yaliyo ndani na pembeni ya Grand Bazaar huwa na tofauti ndogo ya kununua na kuuza. Ya uwanja wa ndege huwa kubwa mno, kubwa kuliko ya Dubai. Kadi inafaa kwa maduka makubwa, mradi uchague lira.

Guangzhou: pesa ipo, ila haina pa kupitia

Yuani haijafungwa kama dirham wala haiachwi kama lira. Benki kuu ya China hutangaza bei ya katikati kila asubuhi na kuruhusu yuani isogee hadi asilimia 2 juu au chini mbele ya dola siku hiyo. Mwaka 2023 na 2024 ilizunguka kati ya takriban 6.7 na 7.35 kwa dola. Kwa safari ya wiki mbili, mwendo wa yuani mara chache utakuumiza kuliko mwendo wa shilingi yako.

Kinachoumiza China ni njia ya kulipia. Karibu kila kitu hulipwa kwa simu, kwa Alipay au WeChat. Zote zinakubali kadi za Visa na Mastercard za kigeni, lakini malipo yakizidi yuani 200 huongezwa asilimia 3. Chini ya hapo hakuna nyongeza. Weka juu yake asilimia 3 ya benki yako na bei yake ya dola, kadi ya shilingi inafikia asilimia 7 au 8 juu ya soko kwa kila bili kubwa. Bili ya mgahawa ya yuani 380 inaweza kulipwa mara mbili za 190 kama mwenye duka hana shida. Kwa hoteli ya yuani 2,400 mchezo huo hauwezekani. Hapo tumia yuani taslimu. Sajili pasipoti na kadi kwenye programu hizo ukiwa bado Dar, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho wa benki hutumwa kwenye namba yako ya Tanzania, na namba hiyo inaweza kuwa kimya ukifika.

Kadi ya kigeni ndani ya Alipay haiwezi kutuma pesa kwa mtu binafsi. Msambazaji akikupa msimbo wake binafsi badala ya wa duka, malipo yatagoma. Malipo ya mzigo yapite benki kwa benki, kwa ankara, kutoka akaunti yako ya Tanzania. Inachukua siku kadhaa, na inakuachia karatasi ya kuonyesha forodhani na kwenye kodi. Dola taslimu kwa ajili ya yuani za matumizi zibadilishe ndani ya benki ukiwa na pasipoti, na utunze risiti: ndiyo itakayokuruhusu kugeuza yuani zilizobaki kuwa dola. Wanaobadilisha barabarani katika mtaa wa Xiaobei, Guangzhou, hutoa bei tamu. Biashara hiyo ni kinyume cha sheria ya China, na noti bandia za yuani 100 hupitia mikono hiyo hiyo.

Nani achague nini

Anayekwenda Ghuba kwa wiki moja: theluthi mbili ya bajeti kwa dola taslimu, theluthi moja kwenye kadi, ya dola kama anayo. Kadi ni ya hoteli na dharura. Anayekwenda Istanbul: dola kwa mzigo, dola nyingine za kubadilisha kidogo kidogo, kadi kwa maduka. Anayekwenda Guangzhou kama mgeni wa kawaida: kadi ya dola ndani ya Alipay kwa vitu vidogo, yuani za benki kwa vikubwa. Anayekwenda Nairobi: shilingi za Kenya kutoka mpakani, kadi kama akiba. Anayekwenda na mgonjwa, popote pale, asitegemee njia moja. Kadi mbili za benki tofauti na taslimu ya kutosha siku tatu. Hospitali hudai amana kabla ya kitanda, na kadi kugoma saa nane usiku ni jambo linalotokea.

Kadi ya shilingi ndiyo ghali kuliko zote kwa matumizi ya kila siku, na bado tunashauri kila msafiri awe nayo. Noti zikiibwa, hazirudi kamwe. Kadi ikiibwa, unaifunga kwa simu moja. Asilimia 3 ya tofauti ni bima halali kwa sehemu ya pesa, si kwa pesa yote.

Noti zenyewe

Dola 100 si sawa na dola 100 nyingine. Noti kubwa, 50 na 100, hupata bei kamili. Za 1, 5, 10 na 20 maduka mengi ya Afrika Mashariki huzinunua kwa bei ya chini. Noti za zamani, hasa za kabla ya 2006, hukataliwa sehemu nyingi, na za dola 100 za kabla ya toleo lenye utepe wa buluu, lililoanza kutumika Oktoba 2013, mara nyingine huangaliwa kwa shaka. Noti iliyochanika ukingoni, iliyoandikwa kalamu au kupigwa mhuri huleta ubishi. Unaponunua Dar, zikague pale pale dirishani moja moja na uombe kubadilishiwa yenye kasoro. Ukishatoka mlangoni, kasoro ni yako. Nenda na pasipoti, na uchukue risiti hata kama hujaombwa.

Ukibeba zaidi ya dola 10,000 au thamani yake, tamka forodhani unapotoka Tanzania. Falme za Kiarabu zinataka utamke ukizidi dirham 60,000. China kiwango ni kidogo zaidi: dola 5,000 taslimu. Kutamka ni bure. Kutotamka kunaweza kukupotezea pesa yote.

Siku ya kununua dola

Jedwali la Dubai linaonyesha pengo la shilingi 154,000 kati ya njia bora na mbaya kwa dola 817. Sasa angalia muda. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha Desemba ikashuka hadi karibu 2,400, na kufikia Mei 2025 ikarudi karibu 2,700. Kwa dola 817 hizo hizo, tofauti ya 300 kwa dola ni shilingi 245,100. Siku uliyonunua inaweza kuzidi uzito wa njia uliyotumia.

Hakuna anayejua bei ya mwezi ujao, lakini msimu unajulikana. Dola huwa nyingi nchini nusu ya pili ya mwaka, watalii wanapojaa na mazao kama korosho yanapouzwa nje. Miezi ya mwanzo wa mwaka hadi Mei au Juni huwa ya ukame wa dola. Anayesafiri Aprili au Mei ana sababu ya kuanza kununua Novemba. Gawa mahitaji mara tatu au nne, nunua kila mwezi kiasi kile kile, na usijaribu kuotea siku ya chini kabisa. Ukiziweka kwenye akaunti ya dola, uliza kwanza kama benki inakata unapoingiza noti au unapozitoa; zipo zinazokata pande zote mbili, na hapo faida ya kusubiri inakwisha.

Tiketi ya ndege iko kwenye mkumbo huo huo. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, hivyo utalipa shilingi, lakini nauli ya kimataifa hupangwa kwa dola na kugeuzwa kwa bei ya siku ya kukata tiketi. Tiketi iliyoshikiliwa tu bila kulipwa haijafunga bei ya shilingi. Viza nazo: ile ya Schengen, inayotumika nchi nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, kwa hiyo kinachokuhusu hapo ni euro mbele ya shilingi, na euro inaweza kupanda wiki ambayo dola imelala.

Amana ya hoteli ndiyo husahaulika. Kaunta inazuia, tuseme, dirham 500 kwenye kadi yako. Kwa kadi ya akaunti ya kawaida pesa hiyo inaondoka kwenye salio kweli, na kurudi kunaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Ikirudi kwa kadi ya shilingi kama marejesho ya muamala, inageuzwa kwa bei ya kununua ya siku hiyo, hivyo inarudi pungufu. Omba kulipa amana kwa dirham taslimu na upewe risiti. Hoteli nyingi hukubali. Ukirudi nyumbani, pitia taarifa ya benki ya wiki mbili baada ya safari. Miamala ya nje huingia rasmi siku mbili tatu baada ya kulipa, kwa bei ya siku ya kuingia, na amana ambayo haijaachiwa utaiona hapo, ikiwa bado na muda wa kuidai ukiwa na risiti mkononi.